Barafu ya Nairobi na Swala la Uanachama

Ndugu msomaji wa Rahaleo, wewe uijuaye barafu kwa kuiona juu ya samaki, usishangae kusikia ya kuwa mwezi wa Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo wa Barafuni. Katika Bara letu Afrika Kusini ilitangulia, mwaka 1937. Moroko, Aljeria na Tunisia zikafuata katika karne hii. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya ni ya kwanza.

Uwanja wenyewe umo ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, nao ulifunguliwa mwaka 2005. Waliouchezea mchezo huu hapo mwanzo walikuwa wageni, hasa watu wa Kanada na Marekani. Vijana wa Kenya, ambao baadhi yao walikwisha kuzoea kuteleza barabarani kwa viatu vya magurudumu, waliingia baadaye, wakavaa viatu vya makali ya chuma, wakaunda timu yao, Ice Lions.

Lakini timu moja itacheza na nani? Ilibidi ijigawe mapande mawili, ndugu kwa ndugu. Mwaka 2018 Tim Hortons, kampuni ya kuuza kahawa, iliwachukua wachezaji 12 hadi Kanada, na huko mabingwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaingia upande wao. Kampuni ilijipatia tangazo lake, hilo tusilifiche. Vijana nao wakaonja mchezo wenye mpinzani wa kweli.

Wako watakaocheka. Hao na walikumbuke Kombe la Gossage, lililoitwa kwa jina la kampuni ya sabuni: mwaka 1926 walioligombea walikuwa wawili tu, Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Katika shina hilo ndimo ilimochipuka CECAFA mwaka 1973.

Ila mpira wa miguu waweza kuchezwa mchangani hapa hapa Mtwara, na asiyekuwa na kitu akacheza. Barafu hutaka umeme usiku na mchana, na katika Nairobi mwenye mitambo ni hoteli. Mwanachama wa dunia nzima, basi, ni mpangaji katika nyumba ya mwingine. Kabla ya kutafuta kombe, Wakenya wana haki ya kudai uwanja wa pili, ulio mali ya umma, ambao mtoto wa mfanya kazi ataingia bila ya kuulizwa fedha mlangoni.