Kuchelewa kwa Milisekunde 10

Kamera ya ulinzi ikitoa fremu 25 kwa sekunde, kila milisekunde 40 inaleta picha mpya. Tuseme programu ya kusoma namba za magari inahitaji milisekunde 50 kwa kila fremu. Ukiijaribu kwa sekunde chache, huoni kasoro. Lakini kila sekunde fremu 5 zinabaki kwenye foleni. Baada ya saa moja zimelundikana 18,000, na askari aliyeketi mbele ya skrini anatazama barabara ya dakika 12 zilizopita akidhani ni ya sasa. Hakuna mtambo uliozima wala onyo lililotokea, na kila namba imesomwa sawasawa. Ila gari lenyewe limeshaondoka zamani.

Ndiyo maana mbunifu wa mifumo ya wakati halisi huandika programu inayotupa fremu kwa makusudi. Foleni ikijaa, ya zamani inaachwa na mpya inachukuliwa. Njia ya kurekodi ni kinyume chake: yenyewe inaruhusiwa kuchelewa, hairuhusiwi kupoteza kitu, maana video hiyo huenda ikawa ushahidi. Kuzipitisha kazi hizi mbili kwenye foleni moja ni kosa ambalo naliona baya kuliko yote katika fani hii.

Kamera zikiwa nyingi, ugumu unahamia kwenye mtandao. Mwaka 2014 Kenya iliipa Safaricom kazi ya kuwajengea polisi mfumo wa mawasiliano wenye kamera takriban 1,800 katika Nairobi na Mombasa. Tukikadiria megabiti 4 kwa sekunde kwa kamera moja, baada ya video kubanwa, idadi hiyo ingerusha gigabiti 7.2 kila sekunde. Kwa mzigo wa namna hiyo, ni afadhali uchambuzi ufanyike karibu na kamera, kituoni zifike taarifa fupi na picha chache.

Lakini ukishaigawa kazi, umeigawa na saa. Saa ya kwazi iliyomo ndani ya kifaa cha kawaida inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, yaani karibu sekunde 1.7 kwa siku. Gari la kilomita 60 kwa saa hukata mita 28 ndani ya muda huo. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba kompyuta zilizotengana hujua kwa hakika tukio lipi lilitangulia pale tu ujumbe unapopita kati yake. Kamera mbili hazitumiani ujumbe gari linapopita, zinategemea saa. NTP, utaratibu wa kulinganisha saa kupitia mtandao aliouanzisha David Mills miaka ya 1980, hupunguza sana tofauti hiyo, lakini hauiondoi.

Google ilipoieleza hifadhidata yake ya Spanner mwaka 2012, saa yake haikutoa nukta moja bali kipindi: si kabla ya hapa, si baada ya pale. Mifumo ya kamera inapaswa kufanya hivyo hivyo. Vipindi vya kamera mbili vikiingiliana, programu iandike waziwazi kwamba haijulikani nani alitangulia kufika, na maandishi hayo yaambatane na video mpaka mezani kwa hakimu, kabla mshtakiwa hajaulizwa alikuwa wapi.