Meja, kisu na mishumaa minane

Kisu cha kwanza kilikuwa butu. Mkuu wa kambi, meja wa makamo mwenye mwili mkubwa aitwaye Osin, alitaka mshumaa mmoja mnene ukatwe vipande vinane; mtu wa zamu akajaribu, na vipande vikagoma kutoka sawasawa. Angeweza kuishia hapo na kumwambia mfungwa aliyesimama mbele yake ajitosheleze na alichopata. Hakufanya hivyo. Alitoa kisu kingine, cha kukunja, chenye nakshi, akakata mishumaa minane iliyonyooka. Tangu nisome habari hiyo katika *Fear No Evil*, kumbukumbu za Natan Sharansky zilizochapishwa mwaka 1988, kisu hicho cha pili hakijanitoka akilini.

Kambi ilikuwa Perm 35, upande wa Milima ya Ural, Desemba 1980. Sharansky, mwanahisabati na mchezaji hodari wa chesi, alikuwa na miaka 32 na kifungo cha miaka 13 kwa uhaini. Kosa lake hasa ni kwamba aliomba kuhamia Israel, akanyimwa, kisha akakataa kunyamaza. Dola ya Kisovieti iliandika katika kitambulisho cha kila Myahudi kwamba huyu ni Myahudi, huku ikiwa imefunga masinagogi mengi na shule zilizofundisha Kiebrania. Sharansky anasimulia kwamba alikulia Donetsk bila dini yoyote. Uyahudi wake ulikuwa ni hilo neno la kwenye karatasi na matusi yaliyoambatana nalo.

Kambini alikuwa Myahudi peke yake. Aliwaeleza wenzake kwamba Hanukka ni sikukuu ya Wamakabayo, watu waliokataa kumezwa na utamaduni wa mtawala. Wafungwa wale wa kisiasa hawakuhitaji maelezo zaidi. Walimchongea kinara cha mbao, wakakipamba, wakamtafutia mishumaa. Sala akaitunga mwenyewe. Kila usiku aliwasha, akaomba, kisha akaizima upesi, maana mishumaa ya akiba haikuwapo.

Usiku wa sita kinara kikatwaliwa. Aliambiwa kimetengenezwa kwa mali ya serikali, na kwamba kuna wafungwa wanaolalamika kuwa bweni litashika moto. Ofisa wa zamu alipopiga simu kwa wakubwa, jibu likaja: kambi si sinagogi. Sharansky akagoma kula.

Usiku wa nane, wa mwisho, Osin akamwita ofisini. Alimsihi ale, akamwahidi kuwa siku za mbele hatazuiwa kusali. Basi nirudishie kinara nimalizie leo, mfungwa akajibu. Osin hakuweza, angeaibika mbele ya kambi nzima. Ndipo Sharansky alipomwambia: tuwashe hapa hapa, mimi na wewe, kisha nitakula.

Meja akafikiri. Kinara kikatoka kwenye meza yake mwenyewe. Mshumaa mkubwa ukaletwa, na yakafuata ya visu.

Sharansky akachukua kofia yake na kumweleza Osin kwamba wakati wa sala mtu husimama akiwa amefunika kichwa, na mwishoni huitikia Amina. Osin akavaa kofia yake ya kijeshi, akasimama wima. Sharansky akaomba kwa Kiebrania kwamba siku moja awashe mishumaa hiyo Yerusalemu pamoja na mkewe Avital. Alipomtazama meja alivyosimama, akaongeza ombi jipya: ije siku ambayo adui zao wote watasimama mbele yao, wasikie sala zao, na waitikie Amina.

Amina, akaitikia Osin.

Sharansky anasimulia kwa furaha ya mtu aliyeshinda, nami nafurahi pamoja naye. Aliyenyang'anywa kila kitu alimfanya bwana jela asimame wima mbele ya mbao zilizochongwa na wafungwa. Hata hivyo sala ile inanisumbua kidogo. Osin hakuelewa Kiebrania, na aliitikia dua iliyomhesabu yeye mwenyewe kuwa adui. Je, hiyo ni ibada au ni mtego? Huenda mahali kama pale vitu hivyo viwili havikutengana. Baada ya Amina, meja alishusha pumzi, akaketi, akavua kofia. Wawili hao waliitazama mishumaa kwa muda, nta ikitambaa juu ya kioo cha meza, kisha Osin akazinduka na kuamuru kwa ukali pasafishwe.

Bwenini walichemsha chai na kushangilia. Habari ikaenea kambi nzima, na Sharansky alijua kisasi kitakuja. Katika miaka yake yote ya kifungo alikaa zaidi ya siku 400 katika selo za adhabu. Februari 11, 1986 alibadilishwa na wafungwa wengine katika daraja la Glienicke, Berlin, na siku hiyo hiyo akafika Israel, pamoja na Avital.

Haya tunayapata kwa Sharansky pekee. Osin tunamwona kwa macho ya mfungwa wake. Kwa nini alikiweka kinara kwenye meza yake, wakati kilitosha kutupwa jikoni kiungue na kuni? Na usiku ule, alipoketi kuitazama mishumaa aliyoikata kwa mkono wake, alidhani ameitikia nini?