Karanga za Nachingwea, Madini ya Ruangwa

Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilifyeka misitu ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili ilime karanga. Faida ilikwisha kupigiwa hesabu London kabla ardhi na mvua havijapimwa vya kutosha. Reli ikajengwa, matrekta yakavunjika, na Januari 1951 mpango ukaachwa. Pauni zipatazo milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilipotea.

Leo Ruangwa, jirani wa Nachingwea, ina matumaini ya madini ya kinywe. Tangu mwaka 2017, sheria huipa Serikali hisa zisizopungua 16 kwa mia katika migodi mikubwa, bila kulipia. Ni jambo jema. Lakini hisa ni fungu la faida. Bei ikishuka chini ya gharama, hakuna cha kugawa. Sisi wa visiwani tumelijua hilo kwa karafuu.

Kwa hiyo tunawasihi wakuu wetu: kabla ya kushangilia mkataba wowote, waulize tani moja itagharimu kiasi gani hadi bandarini, na itauzwa kwa bei gani. Majibu wayatangaze kwa wananchi.