Moyo Ukipoa, Tuendelee Namna Gani?

Mara nyingi tunamsikia mseminari au mwalimu wa dini akisema: «Zamani nilisali kwa furaha, sasa moyo wangu ni mkavu. Labda Mungu hakuniita.» Neno hili ni zito, maana wengine wameacha njia kwa sababu yake. Basi tulichungue vizuri.

Kwanza tutenganishe mambo mawili: joto la moyo na imani yenyewe. Joto la moyo huja na kupita kama mvua. Imani ni tendo la akili na la utashi: kwa neema ya Mungu tunayakubali yale aliyotufunulia, na tunashikamana naye. Kwa hiyo mtu anayesali bila utamu, lakini anasali, hakupoteza imani. Pengine sala yake ya leo inampendeza Mungu kupita ile ya jana, kwa sababu hatafuti tena utamu, anamtafuta Mungu mwenyewe.

Pili tujiulize: ni kitu gani kilichokuwa kikitusukuma? Sisi watu wa Manono tuna mfano mbele ya macho yetu. Mji huu ulikua kwa kazi ya bati ya kampani Géomines. Kazi zile kubwa zilipoanguka, aliyetegemea mshahara tu alibaki mikono mitupu. Mwenye shamba alikuwa bado na cha kuvuna. Vivyo hivyo, kama tulisonga mbele kwa ajili ya sifa za watu, kanzu nzuri au msaada wa misioni, siku vitu hivyo vitakapokwisha, nasi tutasimama.

Tumkumbuke nabii Eliya. Alichoka, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Mungu hakumgombeza. Alimpelekea mkate na maji kwa mkono wa malaika, akala mara mbili, akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Tuangalie taratibu hii: kwanza chakula, halafu safari. Na chakula chetu ni Ekaristia.

Katika nchi yetu hii ya Tanganyika tunaye pia Padri Stefano Kaoze. Baada ya miaka mingi ya masomo, kwanza Mpala, kisha Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu, alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi. Hakuwa na mkubwa wa kwao wa kumwuliza: «Wewe ulifikaje?» Hata hivyo alidumu katika upadri mpaka kufa kwake, mwaka 1951. Sisi tunao waliotutangulia, tutasema nini?

Basi tufanye hivi. Tushike saa ya sala, wala tusiipunguze siku ya ukavu. Tuungame mara kwa mara. Tumfungulie moyo kiongozi wetu wa roho, maana shetani hupenda siri. Tutimize kazi ya leo: katekisimu ya leo, mgonjwa wa leo. Tena tusikate shauri kubwa siku ya giza. Msafiri mwenye akili habadili njia usiku.

Anayengoja moyo uwake ndipo aondoke, hatatoka nyumbani. Wale wawili wa Emau walikuwa na huzuni, lakini walitembea. Na mioyo yao iliwaka njiani, Bwana akiwa pamoja nao, wao wasimtambue bado.