Msukumo: Roketi Husukuma Nini?

Nomino msukumo (wingi misukumo, ngeli ya U-I) imetokana na kitenzi sukuma, na hapo ndipo taabu inapoanza. Sukuma ni kitenzi elekezi, hudai yambwa. Mchukuzi wa Temeke husukuma mkokoteni. Je, roketi husukuma nini? Wanafunzi wengi hujibu kwamba husukuma hewa iliyo nyuma yake. Kama ingekuwa hivyo, roketi ingekosa msukumo mara tu itokapo angahewani.

Kinachosukumwa ni gesi ya roketi yenyewe. Fueli huungua ndani ya chemba, gesi ya moto hutoka kwa kasi kubwa kupitia mdomo wa nyuma, na roketi hupata kani iliyo sawa na ile inayoitupa gesi, ila kwa mwelekeo wa kinyume. Mvuvi wa Kunduchi anayeruka kutoka mtumbwini hadi mchangani anaijua kanuni hii kwa miguu yake: yeye huenda mbele, mtumbwi hurudi nyuma. Kwa hiyo sheria ya tatu ya Newton hutamkika vizuri kwa kauli ya kutendana: gesi na roketi husukumana. Mfasiri anayekiacha kiambishi -an- akaandika tu "gesi husukuma roketi" hajakosea sarufi, lakini ameificha nusu ya fizikia.

Ndege hufuata kanuni iyo hiyo, isipokuwa yenyewe huokota njiani kitu cha kutupa. Rafadha za Dash 8 Q400 ya Air Tanzania hutupa nyuma hewa nyingi kwa kasi ya wastani. Katika injini za Boeing 787, feni kubwa ya mbele huvuta hewa ambayo sehemu yake kubwa hupita kando ya chemba ya moto. Hewa hiyo ya kando, wala si moshi wa moto kama wengi wadhanivyo, ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya msukumo.

Roketi haina cha kuokota. Hubeba fueli pamoja na oksijeni ya kuiunguzia, au kemikali yenye oksijeni hiyo. Ndivyo ilivyokuwa roketi ya Scout, ya fueli yabisi, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Katika tafsiri, msukumo usichanganywe na kanieneo, yaani kani inayogawanywa kwa eneo. Huo hupimwa kwa newtoni, hii kwa paskali. "Nguvu za injini" nayo siipendi: msomaji hawezi kujua kama anaambiwa habari za kani au za kasi ya kufanya kazi, ambayo hupimwa kwa wati. Wingi misukumo hufaa pale injini zinapohesabiwa mojamoja: "Misukumo ya injini mbili ilipotofautiana, ndege ilielekea kupinda."