Kutodhuru: Kanuni ya Kwanza ya Yoga na Amri ya Tano katika Kilosa na Mikumi

Neno yoga likitajwa mbele ya wachungaji na wanafunzi wa theolojia, mara nyingi mjadala huishia kwenye mkeka. Wako wasemao kuwa ni mazoezi ya viungo tu, yanayofaa mgongo na usingizi, na wako wasemao kuwa ni ibada ya kigeni iliyovishwa nguo za michezo. Katika makala hii hatukusudii kuamua kesi hiyo. Twataka kuonyesha kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya sehemu ndogo ya yoga, na kwamba sehemu inayompasa mtumishi wa Kanisa kuitafakari, hasa akiwa anatumika katika wilaya kama Kilosa, ni ile inayotangulia mkeka.

Kitabu kinachohesabiwa kuwa msingi wa yoga ni Sutra za Patanjali, mkusanyiko wa semi fupi zipatazo 195, ambazo wataalamu huziweka kati ya karne ya 2 kabla ya Kristo na karne ya 5 baada yake. Patanjali anaigawa njia ya yoga katika viungo vinane. Mikao ya mwili, iitwayo asana, ni kiungo cha tatu, nayo imepewa semi tatu tu katika kitabu kizima. Yoga ya mikao mingi tunayoiona katika picha ilipata sura yake hasa katika karne ya 20, kwa kazi ya walimu kama Krishnamacharya aliyefundisha Mysore katika miaka ya 1930, na mwanafunzi wake Iyengar ambaye kitabu chake cha mwaka 1966 kilienea duniani. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa huadhimisha tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga ya kimataifa. Hata hivyo, mwenye kusema kwamba yoga ni kukunja miguu amefanana na mwenye kusema kwamba Ukristo ni kupiga magoti. Hajasema uongo, lakini hajafika mlangoni.

Kiungo cha kwanza huitwa yama, yaani kujizuia, nacho kina mambo matano: ahimsa, kutodhuru, satya, kusema kweli, asteya, kutoiba, brahmacharya, usafi wa mwili na kiasi, na aparigraha, kutojilimbikizia. Kiungo cha pili, niyama, ni mazoea ya mtu na nafsi yake: usafi, kuridhika, bidii yenye kujinyima, kujifunza maandiko, na kujikabidhi kwa Bwana. Ndipo huja mikao, pumzi, na utulivu wa fikira. Mpangilio huo una maana. Mtu anayemdhuru jirani yake, anayesema uongo na kuiba, hana msingi wa kuketi akatulia. Mwanafunzi wa Biblia atakumbuka mara moja mbao mbili za Amri, na atatambua kwamba hapa tunakutana na kile ambacho Mtume Paulo anakieleza katika Warumi 2, yaani kazi ya sheria iliyoandikwa katika mioyo ya mataifa.

Neno lenyewe, yoga, latokana na shina lenye maana ya kufunga pamoja au kutia nira. Ni ukoo mmoja na neno la Kiyunani zygos, ambalo Bwana wetu analitumia katika Mathayo 11 anapowaita waliolemewa wajitie nira yake. Undugu wa maneno si undugu wa imani, na tusijenge theolojia juu ya kamusi. Lakini swali hubaki kuwa moja pande zote mbili: mwanadamu afungwe nira ya nani, na kwa kazi gani?

Kiapo kisicho na mipaka

Katika sura ya pili ya kitabu chake Patanjali anasema jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko yote aliyoyasema juu ya mwenendo. Anasema kwamba yale mambo matano ni kiapo kikuu pale tu yasipowekewa mpaka wa kuzaliwa, wa mahali, wa wakati, wala wa hali. Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, anatoa mifano. Mvuvi hujisifu kwamba hadhuru kiumbe chochote isipokuwa samaki. Mwingine hujisifu kwamba haui mahali patakatifu. Mwingine haui siku fulani ya mwezi. Askari haui isipokuwa vitani. Wote hao wana kutodhuru, lakini kwenye ua.

Msomaji anayeifahamu Kilosa ameshaelewa tunakokwenda. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji wa Kimasai. Wataalamu waliochunguza mauaji yale hawakuridhika na maelezo mepesi ya chuki ya kabila kwa kabila. Walionyesha historia ndefu: ardhi yenye rutuba iliyochukuliwa na mashamba makubwa ya mkonge tangu enzi za ukoloni; malisho na maji ya tambarare ya Mkata yaliyobanwa; Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupanuliwa baadaye; mipaka ya vijiji yenye utata; mifugo kuingia mashambani na mazao kuliwa; mifugo kukamatwa na wenyewe kutozwa fedha; na juu ya yote, rushwa, iliyowafanya wakulima na wafugaji vilevile wakate tamaa na ofisi na mabaraza. Mwaka 2009 ilifuata operesheni ya kuwaondoa wafugaji wilayani, nayo ikaacha majeraha yake.

Katika mazingira kama haya hakuna mtu anayesema waziwazi kwamba kuua ni halali. Kila upande una kutodhuru kwake, lakini kumewekewa ua. Sitamdhuru mtu wa ukoo wangu. Sitamdhuru jirani, isipokuwa ng'ombe wake wakila mahindi yangu. Sitamdhuru mkulima, isipokuwa akikamata mifugo yangu. Huyo ni mvuvi wa Vyasa, amehama kutoka mtoni akaja bondeni. Na tusiwaonyeshe kidole washarika peke yao. Mahubiri yetu juu ya amani nayo mara nyingi yana ua, kwa kuwa twahubiri upendo kwa maneno mapana yasiyogusa shamba la mtu wala zizi la mtu.

Patanjali anaongeza kwamba madhara ni ya namna tatu: yale mtu aliyoyatenda mwenyewe, yale aliyowatuma wengine wayatende, na yale aliyoyaridhia. Chanzo chake anakitaja kuwa tamaa, hasira, au upumbavu wa kutoona mambo yalivyo. Sasa mtu na afungue Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, kwenye maelezo ya Amri ya Tano. Luther anafundisha kwamba amri hii huvunjwa kwa mkono, kwa moyo, kwa kinywa, kwa ishara, na kwa msaada au shauri analopewa mwuaji. Wawili hawa hawakusomana, na zaidi ya miaka elfu moja iko kati yao, lakini wote wawili wamemkuta mwuaji ambaye hajashika silaha.

Kisha Luther anakwenda mbele, na hapa ndipo tofauti inapoanza kuonekana. Kwake yeye haitoshi mtu kujizuia. Aliyeweza kumlinda jirani asimlinde, aliyeweza kumlisha asimlishe, amemwua. Katekisimo Ndogo inaigeuza amri ya katazo kuwa amri ya tendo: kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili. Kwa kipimo hicho, mzee wa kanisa aliyejua kwamba watu wanajiandaa kulipiza kisasi, naye akafunga mlango akalala, hawezi kusema kwamba mikono yake ni safi. Ni haki tuseme pia kwamba Gandhi alilisukuma neno ahimsa kuelekea upande huohuo, akilieleza kuwa upendo unaotenda. Huyu ni yule aliyepita Lamu, Mombasa na Unguja mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini, na ambaye baadaye aliyaweka yale mambo matano ya yama miongoni mwa nadhiri kumi na moja za jumuiya yake.

Mahali tunapoachana

Hatuna budi kusema wazi kwamba lengo la Patanjali si lengo letu. Mwisho wa njia yake ni kaivalya, hali ya nafsi kujitenga na maumbile yote na kubaki peke yake katika utulivu wake. Bwana anayemtaja si Muumba wala Mwokozi, bali ni nafsi ya pekee isiyoguswa na taabu. Mwisho wa tumaini la Kikristo ni ushirika: mwili uliofufuliwa, mji wenye watu wengi, karamu. Zaidi ya hayo, Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 4 linatufundisha kwamba mtu huhesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani. Anayepanda viungo vinane kama ngazi ya kumfikia Mungu amechukua mzigo ambao Kristo ameshautua. Kwa hiyo twaweza kuipokea yama kama kioo cha sheria na kama msaada wa nidhamu, lakini si kama njia ya wokovu.

Kwamba nidhamu haiokoi, Walutheri wana ushahidi wa kusikitisha. Mapema mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake na rafiki yake, Peter Beskendorf, kitabu kidogo juu ya namna rahisi ya kusali. Humo anamfundisha jambo ambalo mwalimu yeyote wa yoga angelitambua: kinyozi hana budi kuweka macho na fikira kwenye wembe na ndevu, kwa maana akizungumza huku akiangaza macho atamkata mtu pua au koo; na mwenye kusali naye afanye vivyo hivyo. Anamwonyesha jinsi ya kuchukua kila amri na kuisokota kwa nyuzi nne, kama mafundisho, kama shukrani, kama maungamo, na kama ombi. Kabla mwaka huo haujaisha, mzee Peter, akiwa mezani na jamaa, alimchoma mkwewe kisu akamwua. Luther na marafiki wengine walimwombea, naye akahamishwa mji badala ya kuuawa. Aliyekuwa na kitabu bora cha sala katika nyumba yake alihitaji msamaha kama mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo Luther hakukifuta kitabu kile. Neema haikuifanya nidhamu kuwa bure. Dietrich Bonhoeffer aliona hivyo pia. Mwaka 1934 alipata mwaliko wa Gandhi na akatamani kwenda India kujifunza maisha ya jumuiya na upinzani usio wa silaha. Safari haikufanyika, mwaka 1935 alichukua uongozi wa seminari iliyohamia Finkenwalde, na huko akawawekea wanafunzi nusu saa ya kutafakari Neno kila asubuhi kwa ukimya. Karl Barth alimwandikia mwaka 1936 akieleza wasiwasi kwamba mambo hayo yananuka utawa. Sisi twadhani Barth alikuwa na haki ya kuuliza, na Bonhoeffer alikuwa na haki ya kuendelea.

Barabarani na baraza

Maisha ya kila siku katika sehemu hizi hayana upungufu wa mahali pa kujizoeza. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi. Kuna mabango ya kuonya na ya faini kwa anayegonga mnyama, na bado wanyama hugongwa, kwa kuwa dereva ana haraka na tajiri wake ana haraka zaidi. Dereva ametenda, tajiri aliyempangia muda usiowezekana ametuma, na abiria wanaomshangilia akimpita mwenzake wameridhia. Darasa la kipaimara lililo kando ya barabara ile halihitaji mfano kutoka Ulaya.

Asteya nayo isiachwe kwa wezi wa kuku. Katika Katekisimo Kubwa Luther anawasema wezi wakubwa wanaokaa vitini na kuitwa mabwana. Hati ya ardhi iliyopatikana kwa bahasha ni wizi, na katika Kilosa wizi wa namna hiyo umepakana na damu. Aparigraha, kutojilimbikizia, humhusu mwenye kundi kubwa kuliko malisho na vilevile mwenye kushikilia shamba kubwa asilolilima huku wengine wakigombania vipande.

Kwa mtumishi mwenye washarika wakulima na wafugaji tungependekeza jambo lililo jepesi kusema kuliko kufanya. Juma linalotangulia Chakula cha Bwana, maungamo yafanywe kwa Amri ya Tano peke yake, kwa maswali matatu, na kila swali lifuatwe na ukimya wa kutosha: nimemdhuru nani? nimemtuma nani adhuru? nimeridhia madhara gani? Ukimya usifupishwe kwa wimbo. Baada yake, kwa kufuata Mathayo 5:23-24, wazee wawili wa pande zote mbili waende pamoja kwa kila aliyetajwa kuwa na neno na mwenzake, kabla ya Jumapili na si baada yake. Yakitajwa mambo ya jinai, wasijifanye mahakama.

Na kama mchungaji au mwinjilisti mwenyewe ana shamba au ng'ombe katika eneo lenye ugomvi, jambo ambalo si la ajabu kwa posho tunazozifahamu, asiongoze yeye usuluhishi huo. Amwite mwenzake wa usharika wa jirani, naye aketi pamoja na wengine upande wa wanaoulizwa.