Fahamu: Kwa nini mfumo wa kocha Calipari huwagawa mashabiki

Machi 2024, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, ilitolewa na Chuo Kikuu cha Oakland kwa pointi 80-76 katika raundi ya kwanza ya mashindano ya vyuo. Wiki chache baadaye kocha John Calipari alihamia Arkansas, lakini ubishi juu yake haukwisha.

Anashambuliaje?

Calipari aliupa umaarufu mfumo uliobuniwa na kocha Vance Walberg. Wachezaji hutawanyika kuacha njia wazi. Mwenye mpira humpita mlinzi wake kwa chenga hadi kikapuni. Mlinzi wa pili akija kuziba, mpira hutolewa kwa aliyeachwa peke yake pembeni.

Ubishi uko wapi?

Tangu 2006, kijana wa Kimarekani hawezi kuingia ligi ya kulipwa ya NBA moja kwa moja kutoka sekondari. Wenye vipaji vikubwa, ambao Calipari huwategemea, hukaa chuoni msimu mmoja, kisha huondoka. Wakosoaji wanasema njia ikizibwa, vijana hao hukosa mbinu nyingine.

Watetezi hukumbusha fainali ya vyuo ya 2012. Anthony Davis wa Kentucky, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alifunga mtupo mmoja kati ya 10, lakini alidaka ribaundi 16 na kuzuia mitupo 6. Kentucky iliishinda Kansas 67-59.

Kuelewana uwanjani huhitaji muda. Shabiki, kabla ya kumlaumu kocha, hesabu kwanza: wangapi kati ya wachezaji wake watano walio uwanjani walicheza pamoja msimu uliopita?